Jina Lililogongwa Ndani ya Mguu

Mguu wa bandia uliotengenezwa na ndugu wale wawili ulitambulika kwa kuchunguliwa ndani. Chini kabisa ya kikombe, pale kisiki cha mvaaji kinapotulia, palikuwa na herufi ndogo zilizogongwa kwa muhuri wa chuma wakati plastiki ingali laini kwa joto. Zilisomeka simamatena, jina la karakana yao, zikafuatwa na nukta na mkia mfupi kama ilivyo kwa majina yote ya mtandaoni. Nambari ya simu haikuwepo, wala jina la mtaa. Kaka mtu, ambaye ndiye aliyeuchonga muhuri huo, alikuwa akisema kwamba simu huibwa, mitaa hupewa majina mapya kila anapochaguliwa meya mpya, na karakana huhama mwenye nyumba akiitaka nyumba yake; lakini jina la mtandaoni ni lako popote ulipo, mradi unalitunza. Mtu akivunjikiwa na kifundo akiwa mbali, avue mguu, asome, aandike barua pepe kwa jina hilo; neno lolote atakalolitanguliza, itafika. Basi.

Kaka mtu alikwisha kufariki. Muhuri ulibaki kwa mdogo wake, pamoja na benchi, jiliwa la kubania kazi, na binti mmoja wa marehemu ambaye tangu utotoni aliitwa Kipimo, kwa sababu alikuwa hapiti mbele ya kitu bila kukipima kwa utepe wa baba yake. Binti huyo hakuwa fundi wa miguu. Alisomea mitandao ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa kusimamia mawasiliano ya maktaba za mji. Hata hivyo jina la karakana lilikuwa mikononi mwake, kwa kuwa katika ukoo mzima hapakuwa na mwingine aliyejua linakaa wapi.

Sasa karakana ilikuwa inaunganishwa na Kituo Kikuu, ambacho kilikuwa na tanuri kubwa, wataalamu wa mazoezi ya viungo, ukumbi wa kujifunzia kutembea wenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na tovuti nzuri yenye jina lake. Baba mdogo alikubali muungano huo bila kinyongo. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na huko Kituoni kulikuwa na mwanga wa kutosha na mafundi vijana wa kuinua mizigo. Benchi lilihamishwa, jiliwa likafungwa upya, magunia ya plasta yakapangwa. Kilichobaki bila kupata mahali pake ni jina.

Mkurugenzi wa Kituo, mama mmoja mrefu, mtaratibu, ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha neno, alieleza msimamo wake mapema. Alitaka Kituo kiwe na jina moja. Wagonjwa wakiona majina mawili watadhani wapo watu wawili, na siku moja barua itakwenda kwa asiyehusika. Baba mdogo alimjibu kwamba watu anaowazungumzia hawataliona jina la pili popote. Wao wanatembea nalo. Mkurugenzi alilitafakari jibu hilo, kisha akatoa sharti ambalo kila mtu aliliona la haki. Siku ya kikao cha kwanza cha pamoja, yeye mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, angeliandika jina lile kama lilivyogongwa ndani ya mguu, aone kama linamfikisha kwenye tovuti ya Kituo. Kisha angeiandikia karakana barua pepe kwa anwani yake ya siku zote, aone kama inafika. Yakitimia yote mawili, jina lingetunzwa na muhuri ungeendelea na kazi. Likikosekana hata moja kati ya hayo, muhuri ungewekwa katika kabati la vioo mapokezini, pamoja na picha ya marehemu, nalo jina lingeachwa likome lenyewe.

Baba mdogo alirudi nyumbani akiwa amekunja uso. Kabati la vioo alilijua. Lilikuwa na kombe la mpira wa wavu na bendera ndogo zilizofifia.

Kipimo alipopata habari hizo hakuonyesha wasiwasi wowote. Alisema ni jambo la lakabu tu. Jioni moja, wakiwa bado katika karakana ya zamani iliyokwisha kuwa tupu kama mdomo wa mtoto mchanga, aliketi juu ya kreti akamweleza baba yake mdogo hatua kwa hatua, kama alivyozoea kuwaeleza wakutubi.

Alieleza kwamba kompyuta haimjui mtu kwa jina. Inajua nambari. Kwa hiyo mtu anapoandika jina, kompyuta yake huuliza kwanza: huyu anakaa wapi? Papo mahali maalumu pa kuuliza, na kila jina lina majibu yake yaliyowekwa hapo na mwenye jina. Jibu la kawaida ni nambari. Lakini mwenye jina anaweza kuweka jibu la aina nyingine, ambalo halitaji nambari hata kidogo. Linasema hivi: mimi ni lakabu tu, kaulize kwa jina lile pale, alipo yeye ndipo nilipo mimi. Uzuri wake ni kwamba Kituo kikihamisha mitambo yake kesho na kupata nambari mpya, lakabu haihitaji kuguswa. Inaendelea kuelekeza kwa jina, na jina linajua lilipohamia.

Baba mdogo alifikiri, kisha akasema kwamba hilo si geni. Mtu akija mtaani kwao akamuulizia yeye kwa jina lililo katika kitambulisho, atazunguka mpaka viatu viishe soli. Akimuulizia baba mdogo wa Kipimo, ataletwa mpaka mlangoni na kupewa kiti.

Kipimo alicheka, akakubali kwamba ndivyo. Akaongeza kuwa lakabu hiyo ataiweka kwenye jina lile lenye w tatu mbele. Jina lenyewe tupu, lisilo na kitu mbele, atalishughulikia kwa njia nyingine, baada ya fundi wa kompyuta wa Kituo kumpa nambari ya mtambo wao. Fundi huyo alikwisha kuuelekeza mtambo uyatambue majina yote mawili, ili mgeni akifika asirudishwe mlangoni. Na jambo la kwanza kabisa, kabla ya kugusa chochote, angefupisha muda ambao dunia huyakumbuka majibu ya jina hilo. Kwa maana kompyuta zikishauliza mara moja huwa zinahifadhi jibu kwa muda, na mtu akikosea kabla ya kuufupisha muda huo, kosa lake hukumbukwa siku nzima.

Kipimo alipofika hapo katika maelezo yake, baba mdogo alikuwa amesimama akitafuta kofia yake. Alichokibeba kutoka katika somo zima kilikuwa kitu kimoja: lakabu inawekwa kwenye jina lenye w tatu. Na usiku huo, akilini mwake, aliuchungulia kila mguu alioutengeneza maishani. Hakuona w tatu ndani ya mguu hata mmoja.

Asubuhi ya kikao, Kipimo alifika Kituoni akiwa na kompyuta yake begani na nambari aliyoisubiri, ambayo fundi wa Kituo alikuwa amemtumia akiwa njiani. Alimkuta baba mdogo kwenye benchi lake jipya karibu na dirisha, akikwangua ukingo wa kikombe kwa tupa. Alimwamkia. Baba mdogo aliitikia marahaba ndefu, yenye furaha isiyo ya kawaida kwa saa ile, akamwambia aketi, apumzike, kazi imekwisha.

Kipimo aliuliza ni kazi gani.

Baba mdogo aliweka tupa chini na kusimulia kwa fahari. Aliamka mapema. Akaingia pale majibu ya jina yanapowekwa, kwa neno la siri ambalo Kipimo mwenyewe alikuwa amempa, kwa sababu jina ni mali ya karakana na si haki mwenye karakana asiwe na ufunguo. Akaliona jina lenye w tatu likiwa tayari na lakabu yake, safi. Akaenda kwenye jina tupu, lile la ndani ya mguu, naye akaliwekea lakabu vilevile, neno kwa neno. Mwanzoni mtambo ulikataa. Alipobonyeza mara ya pili ukakataa tena. Lakini kazi ni kazi. Aliuchunguza, akagundua kilichokuwa kikizuia, akakiondoa, na mara ikatokea alama ya kijani. Alifungua jina hilo kwa simu yake, na tovuti ya Kituo ikaja hiyo, na picha ya Mkurugenzi akitabasamu.

Kipimo alivuta kigoda taratibu. Alimuuliza kilichokuwa kikizuia ni nini.

"Mistari miwili," alisema baba mdogo. "Mtambo ulisema jina hili lina vitu vingine, lakabu haiwezi kukaa navyo. Nikaona, ala, kumbe ni kinundu tu. Nikakipiga tupa."

Hapo ndipo Kipimo alipoelewa yote, na kwa kweli hakuweza kukasirika. Alikuwa amekulia chini ya benchi lile. Alijua kwamba katika kazi ya miguu, kikombe kikigoma kukaa juu ya kisiki, fundi hatafuti falsafa. Anapaka unga wa chaki, anaona panapogusa, anapakwangua mpaka pakubali. Baba yake alifanya hivyo. Baba mdogo alifanya hivyo maisha yake yote, na watu wakatembea. Mtu kama huyo akiambiwa kwamba kitu hiki hakikai kwa sababu ya kile, mkono wake huenda kwenye tupa kabla hajafikiri.

"Ile mistari miwili, baba mdogo," alisema, "ndiyo iliyokuwa ikiwaambia watu barua zetu zinapokelewa wapi."

Tupa ilikuwa imelala benchini. Baba mdogo aliitazama kana kwamba ndiyo iliyofanya kitendo kile peke yake.

Papo hapo mlango ulifunguliwa na Mkurugenzi akaingia akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kikao kilikuwa cha mchana, lakini yeye, kwa mazoea yake ya kumaliza mambo mapema, alikuwa amekwisha kufanya jaribio lake akiwa bado nyumbani. Aliwasalimu, akaulizia familia, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Alisema tovuti imefunguka vizuri, amefurahi. Ila barua aliyoituma asubuhi haijajibiwa. Alitaka kujua kama imefika.

Baba mdogo alifungua sanduku la barua za karakana kwenye simu yake, akalivuta chini, akalivuta tena. Uso wake ulijibu.

Kipimo hakuficha. Alimweleza Mkurugenzi kwamba barua haijafika, na kwamba sababu iko mikononi mwao: asubuhi hiyo jina limewekewa kitu kisichopaswa kuwekwa pale, na anakwenda kukiondoa sasa hivi, mbele yake. Hakumtaja aliyekiweka. Kisha, kabla ya kufungua kompyuta, aliuliza swali moja tu.

"Mama, barua hiyo imekurudia? Umepata ujumbe wowote unaosema imeshindikana?"

Mkurugenzi aliitazama simu yake kwa makini, akapitia hata yale makapi ya matangazo. Hakuna kilichorudi.

"Basi ipo njiani," alisema Kipimo, akaweka kompyuta juu ya benchi, kati ya koleo na kopo la gundi.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Aliifuta lakabu iliyokuwa kwenye jina tupu. Mahali pake akaweka jibu la kawaida, nambari ya mtambo wa Kituo aliyopewa na fundi wao. Kisha akairudisha ile mistari miwili ya barua, ambayo aliijua kwa kichwa kwa kuwa ni yeye aliyeiweka tangu mwanzo. Lakabu ya jina lenye w tatu hakuigusa. Ile ilikuwa mahali pake. Kila alipomaliza hatua moja aliisoma kwa sauti ya chini na kuihakikisha kabla ya kwenda kwenye nyingine. Mkurugenzi, ambaye alipenda kuona mambo yakienda kwa mpangilio, alisogeza kiti karibu akauliza kwa nini lakabu ikae huku na isikae kule, ikiwa yote ni majina ya mtu mmoja.

Kipimo alimjibu bila haraka. Lakabu, alisema, haina nusu. Jina linapotangaza kwamba lenyewe ni lakabu, linasema: lolote mnalotaka kujua kunihusu, kaulizeni kwa yule. Lolote. Si tovuti peke yake. Mwenye kutafuta tovuti atakwenda kwa yule, na mwenye kuleta barua atakwenda kwa yule. Haliwezi kusema hivyo na papo hapo likaongeza: isipokuwa barua, hizo nileteeni mimi. Ndiyo sababu mtambo ulikataa kuvichanganya viwili hivyo. Jina lenye w tatu halipokei barua wala halibebi jambo jingine, kwa hiyo kulifanya lakabu hakuliondolei kitu. Jina tupu ndilo mzizi. Linabeba barua, linabeba na mambo mengine ambayo jina haliwezi kuishi bila hayo. Kwa hiyo ilikuwa lazima lipewe jibu lake lenyewe.

"Mtambo haukukuonyesha kinundu, baba mdogo," alisema, akigeuka. "Ulikuonyesha kifundo."

Baba mdogo alijikuna shingoni. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kuhusu ugonjwa wa jirani, kama kifundo kilichokatwa kinaungwa. Kipimo alimwambia kimekwisha kuungwa, na dunia itakisahau kile cha asubuhi baada ya muda mfupi, kwa kuwa aliufupisha ule muda wa kukumbuka kabla ya kuanza, kama alivyomweleza jioni ile wakati yeye akitafuta kofia.

"Nilikuwa nasikiliza," alisema baba mdogo.

"Kwa sikio la upande wa mlango," alijibu Kipimo, na hata Mkurugenzi akainama kwenye chai yake kuficha kicheko.

Mkurugenzi, kwa wema wake, alichukua simu akasema hakuna haja ya kulifanya jambo liwe kubwa. Kosa limeonekana, limerekebishwa. Atatuma barua nyingine sasa hivi, ikifika wamalize. Baba mdogo alikwisha kuanza kushukuru. Lakini Kipimo alinyoosha mkono, kwa heshima, kama anayezuia mtu asikanyage sakafu iliyopakwa rangi.

"Naomba usitume nyingine, mama. Tungoje ile ya asubuhi."

Mkurugenzi alishangaa. Kipimo alimweleza kwamba barua mpya ingethibitisha kidogo sana. Ingethibitisha kwamba leo, wakiwa wote wamekaa hapa wakiitazama, jina linafanya kazi. Anachotaka mkurugenzi yeyote kujua ni kingine: siku likianguka, na kila kitu huanguka siku moja, je, watu walioandika wakati limeanguka wamepotea? Barua ya asubuhi ilikwenda wakati mlango haupo: lakabu iliipeleka kwenye mtambo wa tovuti ya Kituo, ambao haupokei barua. Anayeibeba haitupi jalalani kwa sababu amebisha mara moja bila kufunguliwa. Huondoka, akarudi baadaye, akaondoka, akarudi tena. Kama angekuwa amekataliwa kabisa, Mkurugenzi angekwisha kupata barua yake mwenyewe imerudishwa. Hajapata. Kwa hiyo mbebaji bado anazunguka, na atakaporudi safari hii atakuta mlango.

"Na asiporudi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kikao kikianza kabla hajarudi, muhuri ni wako. Uweke kwenye kabati."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali, akaondoka kwenda kukagua ukumbi wa mazoezi. Mlango ulipofungwa, baba mdogo aliketi juu ya gunia la plasta kwa uzito wa gunia jingine.

"Mwanangu," alisema, "nilikosea mimi, nikasamehewa. Halafu wewe ukaja ukalichezea kamari jasho la baba yako mbele ya mtu anywaye chai."

Kipimo alimwambia hajacheza kamari. Angecheza kamari kama asingeuliza ile barua imerudi au haijarudi. Baba mdogo alimuuliza kama ana uhakika. Alijibu kwamba anao. Baba mdogo akamuuliza tena, akapewa jibu lile lile kwa sauti ile ile; na kwa kuwa aliijua sauti hiyo, kwa maana ilikuwa sauti ya kaka yake alipokuwa akimwambia mgonjwa asimame aachie vyuma, aliinuka akarudi kwenye kazi.

Walifanya kazi wote wawili, kila mmoja ya kwake. Baba mdogo alikuwa na kikombe cha kumalizia kabla hakijaingizwa tanurini, na mkono wake, ambao asubuhi ulikuwa mwepesi mno, sasa ulikwenda kwa hadhari kama wa mwanafunzi. Mara moja alifika mahali palipogoma. Akaichukua tupa. Akasita, akakigeuza kikombe juu chini, akapapasa kwa kidole gumba kuhakikisha kwamba kile anachotaka kukiondoa hakishikilii kitu. Kipimo aliona kwa pembe ya jicho, akaendelea kuitazama kompyuta yake. Alikuwa akiuliza mitambo mbalimbali duniani, mmoja baada ya mwingine, jina lile linakaa wapi na barua zake zinapokelewa na nani. Majibu ya zamani yalikuwa yakifa, na mapya yakichukua nafasi zao. Kila jibu jipya lilipotokea aligonga benchi kwa ukucha.

Simu ya baba mdogo ililia. Wote wawili waliinama juu yake kwa pamoja mpaka vichwa vikagongana.

Haikuwa barua ya Mkurugenzi. Ilitoka kwa mtu aliyejiita Refa, na baba mdogo alipoliona jina hilo alitoa sauti ndogo kooni, kwa kuwa alimkumbuka: mwalimu wa michezo aliyepoteza mguu akiwa kijana, akaapa kwamba atarudi uwanjani hata kama ni kupuliza filimbi tu. Ilikuwa imeandikwa asubuhi ileile. Refa alisema kisigino kimepasuka. Amekifunga kwa utepe wa plasta, lakini akikimbia kinalia kama bata, na watoto wamekwisha kumpa jina ambalo hatalitaja. Karakana ya zamani alikuta imefungwa na tangazo limechanika, nusu ya anwani mpya imekwenda na upepo. Akaketi kizingitini, akavua mguu, akasoma ndani, na ndiyo maana anaandika. Aende wapi?

Baba mdogo alikuwa bado anaisoma kwa mara ya pili Mkurugenzi aliporudi. Hakuulizwa, alimpa simu tu. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akairudia tangu mwanzo. Alipofika kwenye bata aliachilia pumzi kupitia puani.

Akauliza huyu mtu aliandika asubuhi saa ngapi. Kipimo alimwonyesha. Ilikuwa baada ya alama ya kijani ya baba mdogo, na kabla ya Kipimo kufika: katikati kabisa ya wakati ambao mlango haukuwepo.

Simu ililia tena mikononi mwa Mkurugenzi, naye karibu aidondoshe. Safari hii jina lililotokea lilikuwa lake mwenyewe. Aliifungua barua yake, akajikuta anaisoma mbele ya watu aliowaandikia, nayo ilikuwa fupi mno.

"Kuna mtu huko?" alisoma.

"Tupo," alisema baba mdogo.

Mchana, kwenye kikao, jambo la jina lilichukua muda mfupi kuliko jambo la funguo za stoo. Mkurugenzi alisema amejaribu, ameridhika, na kwamba jina la zamani litatunzwa na Kituo pamoja na anwani yake ya barua. Mhasibu aliuliza litatunzwa mpaka lini. Alijibiwa kwamba mpaka avue mguu wake wa mwisho mtu wa mwisho. Kisha wakaenda kwenye funguo.

Baadaye tanuri lilifunguliwa, kikombe cha asubuhi kikatoka kikiwa laini, kinanukia joto. Huo ni wakati mfupi. Plastiki haimsubiri mtu. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuushika muhuri kwa koleo, nyundo iko mkono wa pili, Mkurugenzi alipoingia na kuuliza kama haingewezekana kuligonga na jina la Kituo pia, chini yake.

Baba mdogo alisema kisiki cha mtu si ubao wa matangazo. Mahali pa kugonga bila kumchoma mvaaji ni pa jina moja. Akasimama akisubiri, macho yakiwa kwenye plastiki iliyoanza kupoteza mng'ao wake.

Mkurugenzi alimtazama Kipimo.

"Moja linatosha, mama," alisema Kipimo. "Atakayeliandika hilo atafika kwako."

"Gonga," alisema Mkurugenzi.

Nyundo ilishuka mara moja. Baba mdogo alikigeuza kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani, akapuliza, akampitishia Mkurugenzi aone. Kisha akajifuta mikono, akachukua simu yake, akaanza kumjibu Refa kwa kidole kimoja, taratibu sana. Alipomaliza alimwita Kipimo pembeni akamwomba, kwa sauti ya chini, abadilishe lile neno la siri na asimwambie jipya.

Kipimo alikataa. Alimwambia jina ni lake na ufunguo ni wake. Ila siku nyingine akiona mtambo unagoma, kabla ya kuondoa kitu, apige simu.

"Na usiposhika simu?"

"Nitarudi kukupigia, baba mdogo. Wewe subiri tu."